Milima ya Rubavu na Chungu cha Nyumbani

Alfajiri, kabla ukungu wa ziwa haujainuka, njia ziteremkazo kutoka Mudende, Bugeshi na Busasamana hujaa watu waendao mjini Gisenyi. Wanawake wamejitwika vikapu vya karoti na mafungu ya vitunguu. Vijana wanasukuma baiskeli zilizolemewa na magunia ya viazi ulaya. Baadhi yao wataishia katika soko la mji. Wengine watavuka mpaka na kuingia Goma, mji wa Kongo ulioungana na Gisenyi kiasi kwamba mgeni asiyeonyeshwa kizuizi cha barabarani hatajua nchi moja imekoma wapi na ya pili imeanzia wapi. Jua likipanda, shehena zile zimekwisha pata wanunuzi, na wanawake wale wanarejea nyumbani na chumvi, sabuni, mafuta ya mawese na fedha kidogo fundoni.

Atazamaye shughuli hiyo kwa mara ya kwanza atasema bila shaka kwamba hapa ndipo penye neema. Naam, neema ipo. Lakini mama wa nyumbani wa Rubavu anajua jambo ambalo mpita njia halijui, nalo ni kwamba chungu chake hakijazwi na udongo peke yake. Mambo mawili huamua kitakachochemka ndani yake. La kwanza ni maumbile ya nchi, yaani mlima, mvua, mto na aina ya udongo. La pili ni uamuzi wa Serikali juu ya nini kilimwe, wapi, na kwa masharti gani. Mawili hayo yakipatana, nyumba hushiba. Yakigombana, anayelala na njaa si mlima wala ofisi, bali ni mtoto wa nyumba ile.

Habari ya Rubavu yafaa isomwe na kila kaya ya mkulima katika Afrika ya Mashariki, kwa sababu huko mafunzo ya miaka mia moja yamekusanyika katika wilaya moja ndogo.

NCHI YA NGAZI TATU

Rwanda ni nchi ndogo. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 26,338. Tanzania ingeweza kuimeza zaidi ya mara 35. Hata hivyo hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa ina watu milioni 13.2, yaani kiasi cha watu 500 katika kila kilomita ya mraba. Wilaya ya Rubavu, ambayo mji wake ni Gisenyi, ina watu zaidi ya nusu milioni na ni miongoni mwa wilaya zilizosongamana kupita nyingine zote. Shamba la kaya, kwa wastani, halifiki hekta moja. Penye uhaba wa ardhi wa namna hiyo kosa dogo la kilimo huwa msiba mkubwa, maana mkulima hana konde la pili la kukimbilia.

Wilaya hii yaweza kufananishwa na ngazi yenye vidato vitatu.

Kidato cha chini ni ufuko wa Ziwa Kivu. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hiyo ndiyo sababu Gisenyi, ingawa haifiki digrii mbili kusini ya Ikweta, haina joto la pwani. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini hadi Ziwa Edward. Milima ya volkano ilipoinuka iliziba njia hiyo, maji yakajaa, ziwa likapata sura yake ya leo, na mwishowe likatafuta tundu la kutokea upande wa kusini kwa Mto Ruzizi. Katika ufuko huu, kama huko Nyamyumba, hustawi migomba, mibuni, maharage na mahindi. Wavuvi hutoka usiku na taa kwenda kuvua sambaza, samaki wadogo ambao hawakuwa wenyeji wa Kivu, bali waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mnamo mwaka 1959.

Kidato cha pili ni miteremko ya mashariki inayopanda kuelekea mgongo mrefu wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nili. Tone la mvua likianguka upande huu wa mgongo litaishia Bahari ya Atlantiki. Likianguka upande wa pili litakwenda Misri. Udongo wa huku ni mwekundu, mzito, na mahali pengi umechachuka kwa asidi. Chai hupenda udongo wa namna hiyo pamoja na mvua za mara kwa mara, na ndiyo maana mashamba ya Pfunda, si mbali na Nyundo, yametanda kijani kibichi mwaka mzima. Maharage na mahindi nayo hulimwa, lakini miteremko ni mikali na udongo hauna subira. Ukiachwa uchi mvua huubeba.

Kidato cha juu ni nchi ya volkano. Huko ndiko ulipo mlima Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507, na ng'ambo ya mpaka ndiko uliko Nyiragongo, ambao haujalala. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji wa Goma na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi. Mei 2021 ulilipuka mara nyingine, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba nyingi za Gisenyi. Lakini moto huo huo unaotisha ndio uliouumba udongo wa kidato hiki. Majivu na mawe ya volkano, yakisagika kwa karne nyingi, hutoa udongo mweusi, mwepesi, wenye chakula kingi cha mimea. Kiazi ulaya kikipandwa humo kikapata baridi ya huko juu hukua kama kilichoitwa kwa jina lake. Mkulima huvuna katika msimu wa Septemba hadi Januari, akavuna tena katika ule wa Februari hadi Juni, na penye unyevu akajaribu hata wa tatu.

Pamoja na wema huo nchi ya volkano ina hila moja ambayo akina mama wanaifahamu kuliko mtu yeyote. Mvua hunyesha nyingi, lakini mito ni adimu. Maji hupenya katika mawe yenye matundu na kutoweka chini. Basi nchi yaweza kuwa na matope asubuhi, na jioni mama akahangaika kutafuta debe moja la maji ya kupikia. Nyumba ya huko isiyokinga maji ya paa hujitesa bure.

AMRI YA MBUNI NA AMRI YA PARETO

Kama maumbile yangeachwa yaamue peke yake, kila kidato kingelima kile kinachokifaa na kubadilishana na jirani yake sokoni. Lakini tangu zama za ukoloni kalamu ya ofisini imekuwa na nguvu kama mvua.

Njaa kuu ya Rwakayihura ilipoikumba Rwanda mwaka 1928 na 1929, watawala wa Kibelgiji waliamuru kila mwanamume alime mazao ya akiba kama mihogo na viazi vitamu. Katika miaka ya 1930 wakaongeza amri ya kahawa: kila mkulima apande mibuni, aitunze, na asiichanganye na zao jingine. Amri hizo zilikwenda pamoja na kazi za kulazimishwa, na mara nyingi kiboko kilikuwa ndicho bwana shamba. Hata hivyo njaa haikukoma. Mwaka 1943 na 1944 ikaja ile iitwayo Ruzagayura, ambapo ukame uliungana na ugonjwa wa viazi ulaya, na watu wengi wakafa. Somo lilikuwa wazi hata wakati ule: zao moja likiugua, kaya iliyoliegemea peke yake huugua nalo.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Bendera ilibadilika, lakini kahawa ilibaki kuwa nguzo ya hazina ya Serikali, na sheria ziliendelea kumkataza mkulima kung'oa mibuni. Kwa mkulima wa ufukoni wa Kivu katazo hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa udongo wake na kahawa ni ndugu. Mambo yaliharibika Julai 1989, mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei kwa migao yalipovunjika. Bei ikaporomoka kwa kiasi cha nusu, na wapo wakulima waliong'oa mibuni yao usiku, sheria isiwaone, wapate mahali pa kupanda maharage. Ni vigumu kumlaumu mzazi wa namna hiyo. Kahawa haipikwi ikaliwa.

Huko juu kwenye volkano hadithi ilikuwa ya pareto, ua lile jeupe ambalo wasomaji wa Mbeya na Iringa wanalijua vizuri. Mwaka 1969 kiasi cha hekta 10,000 zilikatwa kutoka Hifadhi ya Volkano, makao ya sokwe wa milimani, ili kuzipa kaya mashamba kwa sharti kwamba sehemu ya kila shamba ipandwe pareto. Kwa hesabu ya ofisini mpango ulipendeza: baridi ipo, udongo upo, na ng'ambo ya bahari viwanda vya dawa za wadudu vinahitaji maua. Kilichosahauliwa ni kwamba viwanda hivyo hivyo vilikuwa vikijifunza kutengeneza dawa bila maua. Soko likalegea katika miaka iliyofuata. Mkulima naye, bila kungoja waraka, akazidi kugeuza mashamba kuwa ya viazi.

Hapo ndipo panapostahili sifa. Mwaka 1979 Serikali, badala ya kupigana na kiazi, ilianzisha mpango wa taifa wa kukiendeleza, makao yake yakiwa Ruhengeri chini ya volkano hizo hizo, kwa msaada wa wataalamu wa kituo cha kimataifa cha viazi kilichoko Lima nchini Peru. Walitafuta mbegu zinazostahimili ukungu na mnyauko, wakazijaribu katika mashamba ya wakulima wenyewe, wakatazama wanawake wanapika nini na soko linataka nini. Mbegu kama Sangema zilienea kwa sababu watu walizipenda. Kiazi ulaya kikawa chakula cha kila siku katika nchi nzima, na volkano za kaskazini-magharibi zikawa ghala lake. Mfano huo waonyesha siasa ya kilimo inavyofanikiwa ikikubali kufuata mahali mlima unapoelekeza.

MSITU ULIOONDOLEWA NA MTO ULIOKASIRIKA

Mfano wa kinyume chake uko jirani kabisa, nao unaitwa Gishwati.

Juu ya mgongo wa milima, mashariki ya Gisenyi, palikuwa na msitu mkubwa wa asili. Mnamo mwaka 1970 ulikuwa na kiasi cha hekta 28,000. Msitu ule ulifanya kazi ya sifongo. Mvua ya mlimani iliangukia majani, ikashuka polepole katika mizizi, ikatolewa kidogo kidogo katika vijito vinavyoulisha Mto Sebeya, ambao hupita Nyundo na kumwaga maji yake katika Kivu. Katika miaka ya 1980 mradi mkubwa uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia ulikata sehemu kubwa ya msitu huo na kuweka malisho ya ng'ombe wa maziwa pamoja na mashamba ya misonobari. Nia haikuwa mbaya. Maziwa ni chakula, na mbao ni mali. Lakini miteremko haisomi nia, husoma mizizi.

Kisha yakaja maafa ya mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo yaliangamiza watu kwa mamia ya maelfu na kuwatawanya wengine kwa mamilioni. Vita vilipokwisha, wakimbizi waliorejea baada ya miaka mingi ya uhamisho walihitaji mahali pa kuishi na kulima, na wengi walipelekwa au walikwenda wenyewe Gishwati. Hakuna awezaye kumlaumu mtu asiye na paa kwa kukata mti. Lakini ilipofika mwaka 2002 msitu wa asili ulikuwa umebaki kiasi cha hekta 600 tu.

Mlima ulijibu. Udongo wa miteremko, uliokuwa umeshikwa na mizizi, ulianza kuteremka. Mwaka 2007 mafuriko na maporomoko yaliua watu katika sehemu za Bigogwe na jirani zake. Sebeya ukawa mto wa maji mekundu, ukibeba mashamba ya watu na kuyatupa ziwani, na kuisumbua mitambo ya umeme iliyojengwa juu yake. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilipiga mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Mito ilifurika, milima ikaporomoka juu ya nyumba wakati watu wamelala, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumizwa zaidi, na Sebeya miongoni mwa mito iliyoua.

Si haki kusema kwamba msitu peke yake ungezuia yote hayo. Mvua ya usiku ule ilikuwa ya ajabu, na nyumba nyingi zilijengwa mahali ambapo mto ulikuwa na desturi ya kupita. Lakini kila mkulima ajua kwamba shamba lisilo na kinga hupoteza zaidi.

Serikali ya Rwanda imekwisha kuurudia msitu. Mwaka 2014 ulianza mradi wa kurudisha miti ya Gishwati, na fedha zake zilipitia Benki ya Dunia ile ile. Mwaka 2015 mabaki ya misitu ya Gishwati na Mukura yalitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua sehemu hiyo katika orodha yake ya hifadhi za viumbe hai. Mti unaokatwa kwa asubuhi moja humchukua mjukuu kuuona tena ukiwa mti.

MATUTA: RUBAVU NA ULUGURU

Njia nyingine ya kuutuliza mlima ni kuukata matuta ya ngazi. Katika Rwanda kazi hiyo ina historia ndefu. Tangu mwaka 1974 siku za kazi ya pamoja, ziitwazo umuganda, zilitumika kuchimba mitaro ya kukinga maji na kupanda majani kando yake. Umuganda ulifufuliwa rasmi mwaka 1998, na sasa hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Kwa miaka ya karibuni matuta makubwa ya ngazi yameenea katika miteremko mingi ya kidato cha pili.

Msomaji wa Morogoro hapana budi atakumbuka jambo. Katika milima ya Uluguru, Waingereza nao waliamuru matuta. Watu waliyakataa, na mwaka 1955 kukatokea ghasia hata mpango wote ukaachwa. Wakoloni walisema Waluguru ni wakaidi. Ukweli ni kwamba wakulima walikuwa wameona jambo ambalo wakubwa hawakutaka kulisikia: mahali pengi udongo wa juu wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na kwa kukata ngazi ulifukiwa, ukabaki juu udongo wa chini usiozaa. Kazi ilikuwa kubwa, mavuno yakapungua.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Rubavu una tabia hiyo hiyo. Wataalamu wa Rwanda wamejifunza kwamba tuta jipya halina budi lipewe chokaa ili kupunguza asidi, na samadi ya kutosha kwa misimu kadhaa, ndipo lirudishe gharama yake. Hapo ndipo mpango wa Girinka wa mwaka 2006, wa kuipatia kila kaya maskini ng'ombe mmoja, unapokutana na kilimo. Ng'ombe yule hatoi maziwa tu. Hutoa mbolea inayolihuisha tuta, nayo majani yaliyopandwa kwenye kingo za tuta humlisha ng'ombe. Kaya iliyopata tuta bila ng'ombe wala chokaa imepewa nusu ya dawa.

MPANGO WA MWAKA 2007 NA HATI ZA ARDHI

Mabadiliko makubwa ya karibuni yalianza mwaka 2007, Serikali ilipoanzisha mpango wa kuongeza mavuno. Nchi iligawanywa kwa kufuata hali ya udongo na hewa, na mazao machache yakachaguliwa kuwa ya kwanza: mahindi, ngano, mpunga, viazi ulaya, maharage na mihogo. Wakulima wenye vishamba vilivyopakana walitakiwa kupanda zao moja kwa wakati mmoja, kila mtu akibaki na mpaka wake, ili mbegu bora na mbolea ya chumvichumvi yenye ruzuku ziwafikie kwa urahisi.

Matokeo yake yana pande mbili, na mwenye kusema upande mmoja tu hawasaidii wasomaji. Upande wa kwanza ni kwamba mavuno yaliongezeka kweli. Katika miaka michache ya mwanzo mavuno ya mahindi na ngano ya nchi nzima yalipanda mara kadhaa, na viazi vya volkano vikapata mbegu na mbolea ambayo wengi hawakuwa nayo. Upande wa pili ni kilio cha mwenye shamba dogo. Desturi yake ilikuwa kuchanganya: maharage chini ya mahindi, kunde pembeni, boga kwenye kichuguu, mboga karibu na mlango. Machoni pa mpimaji mchanganyiko ule ulikuwa fujo. Kwa mama wa nyumba ulikuwa bima. Kimoja kikishindwa, kingine kitaishi. Zao moja likipandwa kutoka kingo hadi kingo, mavuno huwa mengi mwaka wa neema, lakini mwaka wa ugonjwa au wa bei mbovu hakuna cha pembeni. Watafiti kadhaa waliokwenda vijijini wameandika hayo, na yafaa yasikilizwe kama Waluguru walivyostahili kusikilizwa.

Jambo moja katika siasa hizi limeugusa moyo wa nyumba kwa namna ya pekee. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na ndugu yake wa kiume. Baadaye, kuanzia mwaka 2009 hadi 2013, Serikali iliandikisha zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi nchini kote, na kwa wenye ndoa ya kisheria majina ya mume na mke yaliandikwa pamoja katika hati. Mwanamke ambaye zamani alilima shamba la mume, na mume akifa akaambiwa afungashe, leo aweza kuonyesha karatasi. Mwenye hakika ya kubaki ndiye apandaye mti, achimbaye mtaro na abebaye samadi. Mwenye wasiwasi hulima cha miezi mitatu. Kwa hiyo hata hati ya ardhi ni kinga ya mmomonyoko.

SHAMBA LINATOA, MTOTO AMEDUMAA

Sasa yatupasa kurudi jikoni, maana huko ndiko kwenye fumbo zito kuliko yote. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika Rwanda watoto 38 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Mwaka 2020 walikuwa 33. Hayo ni maendeleo. Lakini wilaya za kaskazini-magharibi, ambazo magunia yake huzilisha Kigali na Goma, zilikuwa miongoni mwa zile zenye watoto wengi waliodumaa.

Huwezaje kuwa na udongo mzuri kuliko wote na watoto wafupi kuliko wengine? Jibu liko katika kikapu cha alfajiri. Karoti imekwenda sokoni, kitunguu kimekwenda sokoni, maziwa yamekwenda sokoni, na yai limeuzwa. Kilichobaki nyumbani ni kiazi. Kiazi ni chakula chema kinachotia nguvu, lakini mtoto hajengwi kwa nguvu tu. Ahitaji maharage, maziwa, samaki na majani mabichi. Ongeza uhaba wa maji safi unaoleta kuhara, na kazi nyingi zinazomfanya mama amwache mtoto na dada yake mdogo tangu alfajiri hadi jioni.

Zaidi ya hayo, soko lenyewe si la kutegemewa daima. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya Korona, kaya zilizoishi kwa kuvuka kwenda Goma zilikosa riziki kwa siku moja. Vita vilipofika Goma Januari 2025, njia ile ikawa ya hofu tena. Mwenye kutegemea kizuizi cha barabarani kwa chakula cha jioni amejenga juu ya kingo za Sebeya.

Dawa moja ni ndogo na rahisi, nayo katika Rwanda huitwa akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni. Ni kilima cha udongo na samadi kando ya nyumba, kilichozungushiwa mawe. Na Rubavu haina upungufu wa mawe. Juu yake hupandwa mchicha, sukumawiki, karoti na vitunguu, na humwagiliwa kwa maji yaliyooshea vyombo au yaliyokingwa kutoka paani. Bustani hiyo haiko katika mpango wa zao moja, haiuzwi, wala haivuki mpaka. Mboga zake zikichanganywa na maharage na viazi, zikanyunyiziwa unga wa sambaza waliokaushwa, mtoto amepata mlo kamili bila gharama ya kutisha. Na viazi vya akiba viwekwe gizani penye hewa. Kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa kijani kina sumu, asipewe mtoto.

Bustani ya jikoni haitaondoa wajibu wa wenye kalamu. Kabla ya kuamuru zao, yafaa waulize vidato vya ngazi: huku chini kwapenda nini, mteremkoni kunashikwa na nini, na huko juu maji yanakwenda wapi. Baada ya hapo wamwulize yule mwanamke wa alfajiri amebakiza nini nyumbani. Tanzania tangu mwaka 1972 imesema kwamba siasa ni kilimo. Rubavu inaongeza kwamba kilimo hakikomi ghalani wala sokoni. Kipimo chake cha mwisho ni kimo cha mtoto anayesimama mlangoni akimngoja mama yake arudi kutoka Gisenyi, na kile alichoachiwa chunguni.